Jumatatu ni siku ya tatu

Mtoto amepewa karatasi ya maneno 10. Jumatatu kayanakili, Jumanne kaandika kila moja mara tatu, Jumatano kayatungia sentensi, Alhamisi usiku kaketi mezani na mzazi wakayarudia hadi yakanyooka. Ijumaa asubuhi, kwenye imla, kapata 10 kwa 10. Daftari likarudi nyumbani na vema nyekundu, nyota pembeni na neno "Hongera". Jumatatu iliyofuata mwalimu akawaambia waandike sentensi tatu tu kuhusu walichofanya mwisho wa juma. Katika sentensi ya pili ya mtoto huyu, mvua ilinyesha "gafla". Neno ghafla lilikuwa la nne kwenye ile karatasi.

Kwa kawaida hapo husemwa kwamba mtoto amesahau. Kosa linapigiwa mstari mwekundu, na karatasi mpya ya maneno mengine 10 inagawiwa. Nimekaa pande zote mbili za daftari hilo, ya mwalimu na ya mzazi, na kwa miaka mingi niliyakubali maelezo hayo. Siku hizi siyakubali. Mtoto hakusahau kwa bahati mbaya. Wiki nzima ilipangwa kwa namna ambayo ingekuwa ajabu asisahau. Wiki ya shule ya msingi, kama tulivyoizoea, imetengenezwa ili Ijumaa ionekane kwamba mtoto anajua. Kujua kwenyewe hakukutengewa siku.

Tazama majina ya siku zetu. Aliyeyaanzisha alihesabu kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni siku ya tano, kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Ndiyo maana Kiswahili kina siku mbili za tano zinazofuatana, na sijasikia anayelalamika. Kinachonivutia hapa ni Jumatatu. Shuleni tunaiita mwanzo wa wiki, ilhali jina lake linasema ni ya tatu. Kwa upande wa kumbukumbu za mtoto, jina ndilo lenye haki. Somo la Ijumaa limeshalala siku mbili bila kuguswa, ya mosi na ya pili, na somo la Jumatatu iliyopita limelala siku saba. Mwalimu anayeingia darasani na kusema "leo tunaanza mada mpya" anaikuta kazi nyingine ikiwa katika siku yake ya tatu, kazi ambayo hakuiona ikifanyika: kazi ya kusahau.

Wala wiki si kitu kilichoshuka na mvua. Wafaransa waliopindua ufalme waliweka mwaka 1793 wiki ya siku 10, na kalenda yao ikafutwa kuanzia Januari 1806. Wasovieti walijaribu wiki ya siku tano mwaka 1929, wakahamia ya siku sita mwaka 1931, wakarudi kwenye siku saba mwaka 1940. Shule za msingi za Ufaransa zimeendelea kuchezea wiki hadi juzi: sheria ya mwaka 1882 iliwapa watoto siku moja ya mapumziko mbali na Jumapili, siku hiyo ikawa Alhamisi, mwaka 1972 ikahamishiwa Jumatano, mwaka 2008 shule zikaingia kwenye wiki ya siku nne, mwaka 2013 ikaongezwa nusu siku, na mwaka 2017 manispaa zikaruhusiwa kurudi kwenye siku nne, nazo nyingi zikarudi. Katika mabishano hayo yote watu walipimana nguvu juu ya uchovu wa mtoto, kazi za wazazi na gharama za manispaa. Ni mambo ya haki kabisa. Ila mtu anaweza kuongeza asubuhi au kuipunguza bila kugusa swali ninalolihangaikia mimi, yaani ndani ya asubuhi hizo ni kitu gani kinachorudi.

Umbo la wiki ya kawaida kila mwalimu analijua. Jumatatu mada inaingia. Jumanne mifano, Jumatano mazoezi, Alhamisi mazoezi mengine, Ijumaa jaribio. Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, limepangwa hivyo, wiki kwa wiki, na kila wiki ina mada yake kama chumba chenye mlango wake. Umbo hili linapendwa kwa sababu za msingi. Mwalimu mkuu akikagua maandalio ya masomo anaona kazi inasonga. Mzazi anaona alama kila mwisho wa wiki. Mwalimu mwenyewe analala Ijumaa akihisi amefunga kitu. (Andalio la somo huwa na safu ya tathmini, ambayo walimu wengi tumewahi kuijaza "somo limeeleweka" kabla hata kengele haijalia. Sisemi zaidi.)

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha, kisha akazikariri upya na kupima ameokoa kiasi gani cha kazi ya mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 hivi. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku sita, 25. Baada ya mwezi, 21. Ni mtu mzima mmoja, na silabi zake hazikuwa na maana, kwa hiyo tarakimu hizo haziwezi kuhamishiwa kama zilivyo kwa mtoto aliyeelewa hadithi au jedwali la kuzidisha. Mteremko wake ndio wa kuangalia. Unaporomoka vibaya saa za mwanzo, kisha unatulia. Maana yake ni kwamba mwisho wa juma hauhitaji kuwa mrefu ili ufanye madhara. Madhara makubwa yameshapita Jumamosi asubuhi.

Kuna jambo lingine katika tarakimu hizo ambalo halisemwi sana. Ebbinghaus hakupima alichokumbuka, alipima alichookoa. Hata baada ya mwezi, sehemu ya tano ya kazi ilikuwa imeokoka, ingawa kichwani alihisi hakuna kitu. Ni kama njia ya porini iliyofyekwa ikaachwa: nyasi zimerudi, lakini anayeifyeka mara ya pili hatoki jasho la yule wa kwanza. Kwa mwalimu hii ni habari njema kuliko zote. Kurudia somo la wiki iliyopita si kulifundisha upya. Ni kazi ya dakika chache, mradi ifanyike.

Na kurudia kwenyewe kuna namna. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Wengine walikisoma kifungu, kisha wakakisoma tena. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakaandika kila walichokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki moja, waliolazimika kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza, nilikwama kwenye zile dakika 5. Jaribio letu la Ijumaa ni lile la dakika 5. Linatupa jibu sahihi la swali dogo, nasi tunalibeba kama jibu la swali kubwa. Mbaya zaidi, linaipa tuzo njia inayoshindwa baadaye: kusoma tena na tena usiku wa kuamkia jaribio.

Usiku huo una mambo yake. Wenye mzazi wa kuketi naye Alhamisi wanapata nyota Ijumaa. Wasio naye hawapati. Mwezi ukipita wote wawili wanaweza kuwa wanaandika "gafla" sawasawa, lakini mmoja kashajijua kuwa hodari na mwingine kashajijua kuwa mzito. Jaribio ambalo halikupima kujua limefaulu kupanga watoto kwa makundi, na makundi hayo hudumu kuliko maneno yenyewe.

Hesabu ndizo zinazonisumbua zaidi, maana huko udanganyifu una sura nzuri kuliko kwenye imla. Chukua wiki ya kutoa kwa kukopa. Ukurasa una kichwa kikubwa, KUTOA, na chini yake mafumbo: Neema ana penseli 42, amempa Juma penseli 17, amebaki na ngapi? Mtoto hahitaji kusoma. Anachukua 42, anachukua 17, anatoa, anaandika 25. La pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo. Anapata yote. Ukimwambia asome kwa sauti, anasoma kwa shida, na katikati ya kusoma jibu lilishaandikwa. Sasa geuza fumbo kidogo: Neema alimpa Juma penseli 17, akabaki na 42, mwanzoni alikuwa na ngapi? Mtoto anaona "alimpa", anaona "akabaki", anakumbuka wiki hii ni ya kutoa, anaandika 25 tena. Neema kaanza na penseli 25, katoa 17, kabaki na 42. Mtoto halioni hilo, kwa sababu wiki nzima hakuna aliyemtaka amwangalie Neema.

Kuna swali ambalo kila mwalimu wa hesabu wa darasa la tatu amelisikia mara elfu: "Mwalimu, hii ni ya kujumlisha au ya kutoa?" Mimi nilikuwa nikilijibu. Nilidhani namsaidia. Swali hilo ndilo hesabu yenyewe. Kilichobaki baada ya kulijibu ni kazi ya vidole. Ukurasa wenye kichwa KUTOA unalijibu kabla halijaulizwa, siku tano mfululizo, na wiki ijayo ukurasa wenye kichwa KUZIDISHA utalijibu tena. Mtoto anafika kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, ambako mafumbo yamechanganywa na vichwa vimeondolewa, na hapo kwa mara ya kwanza mwaka huo anaulizwa kitu asichowahi kukifanyia mazoezi. Tunashangaa: mbona kila Ijumaa alikuwa akipata?

Doug Rohrer na Kelli Taylor walilipima jambo hili wakachapisha mwaka 2007. Wanafunzi wa chuo walijifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Kundi moja lilifanya mazoezi ya umbo moja hadi yaishe, kisha la pili, na kuendelea. Kundi jingine lilipewa mazoezi yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, waliofanya kwa mafungu walipata asilimia 89 na waliochanganyiwa walipata 60. Mwalimu yeyote aliyepita kati ya madawati siku hiyo angechagua njia ya kwanza bila kusita. Baada ya wiki moja wakapimwa: waliofanya kwa mafungu walipata asilimia 20, waliochanganyiwa 63. Hawa wa pili hawakuporomoka hata kidogo.

Sitaki kulisukuma hili kupita mahali pake. Mtoto ambaye bado hajajua kukopa ni nini hawezi kuchanganyiwa, atazama. Siku mbili tatu za mwanzo za mada zinahitaji fungu moja, polepole, kwa vijiti na kwa ubao, na mtoto anayejifunza kuunganisha herufi anahitaji silabi zilezile hadi ulimi uzizoee. Huwezi kukirudia kitu ambacho hakijawahi kuingia. Kosa letu huanza Jumatano, wakati mada imeshashika na sisi bado tunaendelea kuipa ukurasa wake yenyewe, halafu Ijumaa tunaifungia mlango.

Mtu atasema wanafunzi hao niliowataja walipimwa vyuoni, na mtoto wa miaka tisa si mwanafunzi wa chuo. Ni hoja ya haki, na ndiyo inayonipeleka kwenye utafiti ninaoupenda kuliko yote kwa jinsi ulivyo wa kawaida. Mwaka 1979 Thomas Good na Douglas Grouws walichapisha matokeo ya mpango wa kufundisha hesabu darasa la nne huko Marekani, unaojulikana kama mpango wa Missouri. Hawakuleta mashine wala vitabu vipya. Waliwataka walimu wapange vipindi kwa namna fulani: kila siku kuanza na marudio mafupi na kuangalia kazi ya nyumbani, kisha kueleza mada kwa kina, kisha mazoezi ya kila mtoto kwenye dawati lake, na kazi ya nyumbani ya dakika 15 hivi kila siku isipokuwa Ijumaa. Kisha kuna hili: dakika 20 za kwanza za kila Jumatatu zilikuwa za marudio ya wiki iliyopita, na kila Jumatatu ya nne marudio yalikuwa ya mwezi mzima. Madarasa yaliyofuata mpango huo yalifanya vizuri kuliko yale yaliyoendelea na mazoea. Barak Rosenshine, alipokusanya mwaka 2012 kanuni za ufundishaji kutoka tafiti za aina hii, kanuni yake ya kwanza ilikuwa kuanza kila somo kwa marudio mafupi, ya dakika 5 hadi 8.

Dakika 20 za Jumatatu. Hesabu ikiwa na vipindi vitano vya dakika 40 kwa wiki, hiyo ni sehemu moja ya 10 ya muda wote. Walimu wenzangu watanijibu kwamba azimio la kazi limejaa, mada haziishi, muhula mfupi, na wako sahihi. Sitawaambia kwamba muda huo utapatikana kimiujiza. Katika miezi ya mwanzo utaikosa mada moja, pengine mbili. Nauliza tu: mada ambayo ilipita Machi na haipo kichwani Juni, iliwekwa kwenye hesabu gani ya zilizokwisha? Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Mithali hiyo ilichukulia kwamba kibaba hakivuji.

Kwa darasa lenye watoto wengi, ugumu ambao watu huutaja kwanza ni kusahihisha. Marudio ya Jumatatu hayahitaji kusahihishwa na mwalimu wala kuandikwa alama popote. Maswali sita ubaoni: mawili ya wiki iliyopita, mawili ya mwezi uliopita, moja la muhula uliopita, na moja ambalo mtoto hajui litatoka wapi. Daftari limefungwa, kitabu kimefungwa. Kila mmoja anaandika kwenye kijidaftari au kibao, kisha majibu yanapitiwa pamoja na kila mtoto anajisahihisha. Kilichomfanyia kazi ni kule kukwama na kutafuta kichwani.

Nasisitiza kila mmoja aandike kwa sababu njia tuliyozoea ni ile ya kunyoosha mkono. Mwalimu anauliza, mikono sita inapaa, mmoja anajibu, vema, tunaendelea. Watoto sita wametafuta kichwani, wengine wamesubiri. Mary Budd Rowe, aliyekaa madarasani na kinasa sauti miaka ya 1970, aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu, kulirudia au kulijibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu ajabu. Jaribu.

Shughuli ndizo watu hudhani nitazipinga, na hapo ni lazima nigawe. Kuna wiki ya mzunguko wa maji, na kilele chake ni kielelezo: karatasi ya manila, rangi ya bluu, pamba ya mawingu, gundi. Kinapendeza ukutani. Kwa dakika 40 mtoto amewaza jinsi pamba inavyokataa kushika, na nani kachukua mkasi. Wiki mbili baadaye mwulize maji ya bahari yanafikaje mawinguni. Atakusimulia habari ya gundi. Hakudanganya. Ndicho alichokiwaza, na ndicho alichobaki nacho.

Linganisha na shughuli ya zamani kuliko hiyo, mbegu ya maharage kwenye pamba yenye unyevu, ndani ya kopo la kioo dirishani. Haina uzuri wowote siku ya kwanza. Lakini ni shughuli isiyokubali kuisha Ijumaa, maana mmea haujui Ijumaa. Kila asubuhi dakika mbili: pima kwa rula, andika, chora kilichobadilika. Sentimita na milimita, ambazo zilikuwa mada ya wiki ya nne na zingekufa wiki ya tano, zinatumika kila siku kwa wiki tatu. Maneno mzizi, shina na jani yanaandikwa hadi hayahitaji tena karatasi ya imla. Na Ijumaa mwalimu anaweza kuuliza swali moja: Jumatatu mmea utakuwa na urefu gani? Kila mtoto aandike utabiri wake na sababu. Nimewahi kuona watoto wakikimbilia dirishani Jumatatu kabla ya kuweka mikoba chini. Mmoja alikuwa ametabiri sentimita 30, kwa sababu, alisema, hakutakuwa na mtu wa kuusumbua. Siku mbili ambazo kwa kawaida hula masomo yetu, hapo zilikuwa sehemu ya somo.

Juu ya kazi za nyumbani sina mengi. Harris Cooper na wenzake walipozipitia tafiti nyingi mwaka 2006 waliona kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na matokeo ni wenye nguvu zaidi sekondari kuliko shule ya msingi. Kama ni lazima ziwepo, basi ziwe fupi, na ziwe za mada iliyopita badala ya ile ya leo, ambayo mtoto ataifanya bila kuwaza kwa sababu bado ina joto.

Shule nyingi siku hizi huwaandikia wazazi kila mwisho wa wiki. Barua fupi, au ujumbe kwenye kundi la simu: "Wiki hii tumejifunza sehemu, mzunguko wa maji na vitenzi. Tumemaliza mada ya vipimo." Ni desturi nzuri na sipendi kuichokoa, lakini kile kitenzi kinanikera kwa sababu ni kizuri mno kutumiwa hivyo. Kufunza ni kumpa mtu maarifa. Kujifunza ni kujipa maarifa mwenyewe, ile ji- ya kujiosha na kujivika. Lugha yetu ilishaamua zamani kwamba kitendo hicho hakifanywi na mtu kwa niaba ya mwingine. Mwalimu anaweza kuandika "tumefundisha" bila kusema uongo. Mwenye haki ya kutamka "nimejifunza" ni mtoto, na wakati wake si Ijumaa. Kuhusu "tumemaliza" sijui niseme nini. Sijawahi kuona mada ya vipimo ikiisha.

Barua hiyohiyo ingeweza kufanya kazi kubwa zaidi kwa kubadilisha mstari mmoja. Mzazi akimwuliza mtoto "leo umejifunza nini?", jibu linajulikana nyumba zote: "Hakuna." Swali ni pana mno, na mtoto kachoka. Lakini mwalimu akiwaandikia wazazi, "Wiki hii mwulizeni nusu na robo ipi kubwa, na kwa nini, tuliifanya mwezi uliopita," mzazi amepewa swali lenye mlango. Hahitaji kuwa amesoma sana. Hahitaji kuketi mezani Alhamisi usiku na karatasi ya maneno 10. Anaweza kuliuliza wakati anatandika kitanda, na mtoto akikwama, kukwama huko si aibu ya nyumba. Ni ile kazi yenyewe, ile iliyowafanya wanafunzi wa Roediger na Karpicke wawe mbele baada ya wiki.

Kinachobaki ni jaribio. Likihama kutoka Ijumaa hiihii kwenda Jumatatu ya wiki inayofuata ile, na likichanganya maneno ya karatasi tatu bila kutangazwa ni yapi, alama zitashuka mara moja. Nina hakika na hilo kuliko jambo lolote nililoliandika hapa. Wenye nyota watapata 6 kwa 10, wasio na nyota watapata 5, na pengo lililokuwa likionekana kubwa litaonekana dogo, jambo ambalo halitawafurahisha wote. Mwalimu atakayefanya hivyo peke yake ataitwa ofisini kabla ya mwezi kwisha, kwa hiyo mwalimu mkuu anatakiwa kuwa ameshakubali mapema, kwa sauti, mbele ya walimu wengine.

Maana mzazi atakuja. Atakuja na daftari la muhula uliopita lenye 10 kwa 10 kila ukurasa, na daftari jipya lenye 6, na atataka kujua mwalimu huyu amemfanya nini mtoto wake. Asijibiwe kwa tafiti. Avutiwe kiti, mtoto aitwe, apewe kalamu na karatasi tupu, na mwalimu mkuu alifungue lile daftari la zamani, kwenye ukurasa wowote wenye nyota, aanze kusoma maneno polepole, moja baada ya jingine.